Siku 4 za wawili Kigoma: mawe ya Katonga, msitu wa Gombe na mchanga wa Ziwa Tanganyika

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu ya saa ya kuondoka. Katika safari hii saa ina uzito kuliko chakula na kitanda.

Kifurushi ni cha siku 4 na usiku 3, watu wawili, kuanzia na kuishia Kigoma mjini. Siku ya kwanza ni kuzamia kwenye mawe ya Katonga. Ya pili ni boti kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, na kulala huko, ya tatu ni msitu asubuhi na kurudi mchana, ya nne ni ufukweni bila ratiba. Bei inabeba boti na nahodha, miwani ya kuzamia, malazi na milo. Kiingilio cha hifadhi na ada ya mwongozaji vinalipwa pembeni kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), si taslimu. Lipeni mkiwa bado mjini, risiti iwe kwenye simu na nyingine ya karatasi.

Tangazo lilisema "matumbawe na msitu wa mvua". Yote mawili yamepakwa rangi. Matumbawe ni ya baharini, na Tanganyika ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kilichopo ni mawe makubwa yanayoshuka moja kwa moja toka ukingoni kwenda kwenye kina, yamevaa ukoga mfupi wa kijani, na samaki wamejaa juu yake kama kuku wanaodonoa uwanjani. Nao msitu wa Gombe ni mzito mabondeni tu, kando ya vijito. Ukipanda mteremko unaingia miombo, na juu kabisa mgongo wa mlima ni nyasi tupu. Anayetaka msitu mnene wa kweli aende Mahale, kusini, ila huko boti ya kasi yenyewe inakula saa nyingi, na kwa siku 4 haifai. Nasema hivi ili mtu asiende na picha ya Zanzibar kichwani, maana alichopewa Kigoma ni kingine kabisa, na mimi nakipenda zaidi.

Tuanze na jua, kwa sababu wageni wengi wanakosea hapa. Kigoma iko magharibi mbali, lakini inatumia saa ileile ya Dar es Salaam. Jua linachomoza kama dakika 40 baada ya Dar. Saa 12 asubuhi bado ni giza, na utosini linafika saa 7 mchana, si saa 6. Ratiba ikisema "saa 12 kamili mchangani", beba tochi.

Katonga. Ziwa asubuhi limelala, na mchana upepo unaamka. Saa nzuri ya mawe ni saa 3 hadi saa 5 asubuhi: mwanga umeshaingia majini, mawimbi bado. Siku yenye maji safi unaona mita 10 na zaidi mbele yako. Baada ya mvua kubwa mito inaleta tope na hayo yote yanapotea kwa siku kadhaa, kwa hiyo Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kuchagua. Joto la maji juu ni kama nyuzi 25, ila ukikaa nusu saa bila kujisogeza unaanza kutetemeka. Fulana ya mikono mirefu inatosha.

Miwani ya kuzamia tuliyopewa ilikuwa mizuri, na haikuvuja kwa sababu tuliipima kwanza. Namna ya kupima: iweke usoni bila kuvuta mkanda nyuma ya kichwa, vuta pumzi kwa pua, ondoa mkono. Ikibaki imenata, ni yako. Ikidondoka, omba nyingine, usiambiwe "kaza mkanda tu". Kukaza mkanda kunaupindisha mpira na maji yanaingia zaidi. Sharubu nene nazo zinavujisha. Pakaza mafuta ya mgando kidogo juu ya mdomo. Ukungu kwenye kioo unatoka kwa tone moja la shampuu ya watoto, sugua ndani, suuza mara moja. Na waliozoea bahari wajue kwamba maji baridi hayabebi mwili kama ya chumvi. Mtu anayeelea Nungwi, Zanzibar, bila shida hapa atajikuta anapiga miguu muda wote. Asiye mwogeleaji mzuri avae jaketi okozi hata akiwa na mrija.

Ukishatulia, usiogelee mbali. Kaa juu ya jiwe moja kwa dakika 10. Samaki wengi wa hapa ni jamii moja na perege, aina zaidi ya 200, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Wengi ni wadogo kuliko kiganja, na kila mmoja ana himaya yake ya nusu mita. Utaona mama akitema watoto mdomoni, wanazagaa kama mbegu za mchicha, kivuli chako kikipita anawameza tena wote. Yuko mla magamba, ambaye mdomo wake umepinda upande mmoja, wa kushoto kwa huyu, wa kulia kwa yule, ili amvamie mwenzake kwa ubavu na kung'oa gamba. Na palipo mchanga katikati ya mawe angalia makombe matupu ya konokono: ndani yake anaishi samaki mwenye urefu wa kidole. Ukisogea anajitupa kinyumenyume ndani ya kombe, macho mawili yanabaki mlangoni. Usiokote kombe hata moja. Unabeba nyumba ya mtu.

Usiingize mkono kwenye nyufa za mawe. Kuna swila wa majini anayekula samaki na kujificha humo. Hana haja na wewe, ila mkono unaoingia kwake hauwezi kumweleza hilo. Mamba na viboko hawako kila mahali, kwa hiyo kila asubuhi waulizwe wavuvi wa eneo husika, si mtu wa ofisini.

Boti sasa. Kutoka mjini hadi mpaka wa Gombe ni kama kilomita 16 kuelekea kaskazini, na Kasekela, makao ya hifadhi, iko mbele kidogo. Boti za abiria za mbao zinatoka Kibirizi mchana na zinachukua saa 2 hadi 3. Bei yake ni nafuu sana, lakini zinakufikisha jioni. Boti ya kifurushi ilitakiwa kuondoka saa 1 asubuhi. Iliondoka karibu saa 5. Sababu ilikuwa petroli: madumu yalilala nje kwenye mvua, maji yakaingia, mashine ikawa inakohoa na kuzima kila baada ya dakika mbili. Nahodha alifungua kikombe cha chujio, akamwaga, akasafisha plagi, akaanza upya. Fundi mzuri, nampongeza, lakini kazi hiyo ilikuwa ya jana yake. Anayekodi boti anaweza kuepuka haya kwa chupa tupu ya maji: mimina petroli kidogo toka chini ya dumu, iache itulie dakika chache. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kama ushanga. Ukiyaona, dumu hilo lisipande botini.

Kuchelewa kule si suala la kukereka tu. Ukipita katikati ya mchana unapigwa na mawimbi kwa ubavu, mizigo inalowa, na asiyezoea anatapika. Miezi ya kiangazi upepo wa kusi unaongeza. Simu, kamera na nguo za kulalia ziwe ndani ya mfuko wa nailoni mzito uliofungwa, kisha ndani ya begi. Jaketi okozi zihesabiwe kwa vichwa vyote, pamoja na nahodha na msaidizi wake. Livae, funga, kisha mwenzako alivute mabegani kwenda juu. Likipita masikio, ni kubwa kwako na majini litakutoka. La kwanza nililopewa lilikuwa na kifungo kimoja kilichokatika. Wakalibadilisha bila ubishi.

Gombe ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, miaka 8 baada ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall kufika pale Julai 1960. Ni ndogo, lakini ni ya miinuko mikali: unaanza usawa wa ziwa, mita 770 na kitu, na mapito yanapanda kama ngazi. Raba zenye meno, suruali ndefu, miguu ya suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Lita 2 za maji kila mtu. Fimbo wanayo watu wa hifadhi, ichukue hata kama unajiona kijana, maana kazi yake kubwa ni wakati wa kushuka.

Hapa ndipo kulala Kasekela kunapolipa. Sokwe hujenga viota vipya kila jioni. Wafuatiliaji wakijua walipolala, alfajiri wanakuwa chini ya mti kabla hawajashuka, na mwongozaji anakupeleka kwa redio moja kwa moja. Anayekuja na boti siku hiyohiyo anafika wakati sokwe wameshatawanyika, anapanda na kushuka mabonde kwa muda wa saa 4, na wakati mwingine anarudi na picha za nyani tu. Sisi tulitembea kwa muda wa saa 1 na nusu. Unawasikia kwanza: mguno mmoja wa chini, wa pili, kisha kelele inapanda mpaka bonde zima linaitika.

Muda wenu mbele yao ni saa 1, watu wasiozidi 6, umbali mita 10, barakoa usoni. Sokwe akikusogelea, wewe ndiye unayerudi nyuma. Mwenye mafua asipande kabisa, hata kama amelipa: mafua yetu ya kawaida yanawaua. Hakuna kula mbele yao, hakuna mwanga wa kamera. Wanaotaka kuona sokwe wakivua mchwa kwa kijiti waje mvua zinapoanza, Novemba hivi. Wanaotaka njia kavu na sokwe wa mabondeni waje Julai hadi Oktoba. Vyote viwili kwa wiki moja ni vigumu kuvipata. Baadaye pitieni maporomoko ya Kakombe, ni karibu na kambi na baridi yake inakurudishia nguvu mwilini.

Chumba kilikuwa safi, neti nzima, nyavu madirishani. Nyavu hizo ni za nyani kuliko za mbu. Mlango usiachwe wazi hata dakika moja, na ndizi isibebwe mkononi mchangani.

Kosa la ratiba ni kurudi mchana wa siku ya tatu. Mmetoka mlimani miguu inatetemeka, halafu mnaingizwa ziwani saa 9, saa ya mawimbi. Ombeni usiku wa pili Gombe na kurudi alfajiri ya siku ya nne. Watakwambia bei inapanda. Inapanda kwa chumba na kiingilio, boti ni ileile. Na kuhusu bei: petroli na nahodha ni gharama moja kwa watu 2 au kwa 6. Mkipata wenzi wengine wawili wa kuungana nao, gharama ya boti inagawanyika, na kikundi bado kiko ndani ya kanuni.

Siku ya ufukwe haina mengi ya kueleza. Mchanga wa Katonga ni msafi, chembe kubwa, hausumbui kwenye nguo. Picha za zamani zinaonyesha ukanda mpana. Maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni na sehemu nyingine umebaki wembamba, hivyo msishangae. Fukwe zinatazama magharibi, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo kwenye saa 1 usiku. Samaki mgebuka wa kuchoma kwa ugali wa muhogo, na dagaa wa mawese: hapo sina neno. Ila mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi toka 15 Mei hadi 15 Agosti, na anayesafiri miezi hiyo aulize kwanza, maana dagaa wabichi wanaweza kukosekana na zile taa za wavuvi usiku msizione. Taa hizo huwa nyingi siku za giza. Mwezi mpevu wavuvi hupumzika. Ujiji, mji wa kihistoria, ni bajaji tu kutoka mjini, na saa 2 zinatosha.

Jambo moja ambalo mtoa huduma hakulitaja kabisa, na alipaswa: kichocho. Kipo ziwani. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, midomo ya mito na mbele ya vijiji, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, ambalo kwa saa ya Kigoma ni kati ya saa 5 na saa 9 mchana. Mawe yanayopigwa na mawimbi asubuhi yana hatari ndogo zaidi, lakini si sifuri. Dawa ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo. Isimezwe siku ya kurudi, kwa sababu haiui minyoo michanga. Ni wiki 6 hadi 8 baada ya kuingia majini mara ya mwisho, wote wawili, baada ya kuonana na daktari. Sisi tarehe yetu tumeshaiandika kwenye kalenda ya jikoni.