Mimea ya Mahali pa Majimaji: Ipi Ununue Kisumu, Kakamega na Nakuru

Mwambie muuza miche wa kando ya barabara hapa Kisumu kwamba una kona inayotuama maji, naye atakuonyesha ua. Wewe muulize mzizi. Mmea wa majimaji huchaguliwa kwa tabia ya mzizi wake: kuna unaokaa kwenye kichaka chake na kuongezeka polepole, na kuna unaotambaa chini kwa chini hadi kwa jirani. Nimeipanga orodha hii kwa kigezo hicho kwanza, kisha matumizi, na bei mwisho.

Kabla ya kutoa pesa, kagua sehemu yenyewe. Usiikague Mei, maana Mei nusu ya tambarare ya Kano, hapa karibu na Kisumu, ni maji. Nenda Januari au Februari, ule udongo mweusi ukiwa umepasuka nyufa za kuingiza mkono, uchimbe shimo la sentimita 30. Udongo ukishikana kiganjani ukiufinya, hapo ni majimaji ya kweli na utapanda wowote kati ya mimea iliyo hapa chini. Ukikuta mabonge makavu, nduma na mafunjo yatateseka. Ua la kana na mmea uitwao mwavuli vitavuka kiangazi ukivimwagilia.

Nakuru ni habari nyingine. Udongo wa volkano unapitisha maji upesi, kwa hiyo kona ya majimaji huko inatengenezwa: chimba kina cha sentimita 50 hivi, tandika nailoni nzito ya mabwawa, toboa matundu machache ubavuni ili maji yasioze, kisha rudisha udongo uliochanganywa na samadi. Nunua nailoni kwanza. Ikishakula bajeti ndipo utajua miche mingapi inabaki.

Nambari moja: nduma

Najua, ulitaka maua. Lakini kwa boma la kawaida kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Kisii, hakuna mmea unaokulipa kama nduma. Jani lake ni pana na zuri kuliko mengi yanayouzwa kwenye vyungu vya bei ghali, miguu yake inavumilia kukaa majini, nayo inaongezeka kwa machipukizi yanayobaki karibu na mama. Baada ya miezi sita hadi kumi na miwili unachimba, unachemsha, unakunywa nayo chai.

Tafuta chipukizi lenye kipande cha kiazi kigumu chini yake. Bonyeza kwa kidole gumba. Likibonyea au likinuka, liache. Majani ya zamani yakatwe kabla ya kupanda, kwa hiyo usivutiwe na mche wenye majani mengi: utayatupa. Mara nyingi hata huna haja ya kununua, kwani anayelima nduma mtoni huwa na machipukizi ya ziada kila anapovuna.

Onyo moja zito. Kona nyingi za majimaji mjini zinatokana na maji ya bafu, au na shimo la choo linalovuja. Hapo usipande nduma ya kula. Hapo panda kana.

Nambari mbili: mwavuli

Wauzaji wengi huuita papairasi tu, jina ambalo ni la mafunjo, na ndipo wanunuzi wanapochanganyikiwa. Jina lake la kitaalamu ni Cyperus alternifolius: vijiti vya kijani vya mita moja hadi moja na nusu, na majani yaliyotandazwa juu kama mwavuli. Ni wa Afrika, hauchagui jua wala kivuli, unakaa majini au kwenye udongo wenye unyevu tu, na kichaka chake kinapanuka taratibu. Kwa ukingo wa kidimbwi kidogo cha nyumbani, ningeuweka hata mbele ya nduma.

Nunua chungu kimoja tu, hata muuzaji akikupigia hesabu ya kumi. Kata kichwa cha kijiti, punguza majani, kigeuze juu chini kwenye kikombe cha maji, na wiki chache baadaye kitatoa mizizi na vichipukizi. Kwa kichaka kimoja utazungusha kidimbwi kizima.

Kagua udongo wa chungu kwa makini. Ndago, lile gugu sugu la shambani, ni wa ukoo huohuo, na vichipukizi vyake vichanga vinajificha vizuri kati ya vya mwavuli. Ukiona majani membamba yanayochomoza mbali na kichaka, chimbua kwa ncha ya kidole. Ukikuta vijiazi vidogo vyeusi, rudisha chungu mahali pake. Ndago ukiingia shambani hautoki.

Nambari tatu: kana

Wekundu, manjano, rangi ya chungwa: umeiona kila mahali, ndiyo maana watu huidharau. Asili yake ni Amerika, inaota kwa kiazi, inavumilia maji na ukavu, nayo hutumiwa kwenye mabwawa ya mimea yanayosafisha maji machafu. Nunua kipande cha kiazi chenye macho mawili au matatu, basi.

Nambari nne: kala

Hili ndilo ua jeupe la mazishi na madhabahu. Kwa Nakuru, Elburgon au Kericho ningelipandisha hadi nambari moja, kwa sababu linapenda baridi na matope. Kisumu, kwenye mita kama 1,130 juu ya bahari, joto linalichosha. Lipe kivuli cha mchana au uliache kabisa. Utomvu wake unawasha vibaya mdomoni na una sumu, kwa hiyo si la boma lenye watoto watambaao au mbuzi waliofunguliwa.

Nambari tano: mafunjo

Ukitembelea kinamasi cha Dunga, kando ya ziwa hapa Kisumu, utayatamani. Ni mazuri, ndege wanayapenda, wafumaji wa mikeka wanayategemea. Lakini yanafika mita nne hadi tano, yanataka maji mwaka mzima, na mashina yake ya chini yanasonga mbele bila kuchoka. Yanafaa mwenye nusu ekari inayopakana na kijito. Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 atafute lile funjo dogo la chungu, au arudi kwa mwavuli.

Una bwawa la samaki? Tangu ule mpango wa serikali wa 2009 uliochimbisha mabwawa ya mita 300 za mraba, magharibi yote imejaa watu wanaotaka kuremba kingo. Rembeni upande mmoja tu, pale maji yanapomwagikia nje. Ngege (tilapia) anategemea mwani, na mwani unataka jua. Ukizungushia bwawa mimea mirefu unamnyima chakula na kumpa kenge maficho. Kama bwawa lina nailoni, matete yasikaribie: ncha zake za chini zinatoboa.

Usinunue kabisa

Gugu maji. Ua lake la zambarau linavutia likiwa ndani ya beseni, na utakutana na mtu anayeliuza kwa uso mkavu. Mmea huu ulitoka Amerika Kusini ukaingia Ziwa Victoria miaka ya 1980 ikielekea kuisha, na wavuvi wa Kisumu wangali wanasukumana nao. Mvua moja kubwa inatosha kuutoa kwenye kidimbwi chako hadi mtoni. Ukitaka ua la majini, omba yungiyungi la buluu la hapa kwetu, ulipande kwenye kina cha sentimita 30 hadi 60.

Mmea uitwao taifa (Typha), ule wenye vichwa vya kahawia, uachie kinamasi.

Kuhusu mbu: matope hayazalishi mbu, maji yaliyotulia juu yake ndiyo yanayozalisha. Sawazisha udongo madimbwi yasibaki kwa wiki nzima, na kidimbwi chenyewe kitie samaki.

Nunua mvua za masika zinapoanza, mwishoni mwa Machi au Aprili. Muuzaji akikwambia mche ni wa majimaji, angalia umewekwa wapi pale nasari. Uliolelewa kwenye udongo mkavu uzoeshe maji kidogo kidogo kwa wiki mbili kabla ya kuushusha matopeni. Hiyo pia ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe bei.