Uzoefu wangu wa kupimwa seli za uso wa jicho kwa ajili ya macho makavu

Nimeshona kofia za mkono hapa Lamu kwa zaidi ya miaka ishirini, kazi inayotaka nikodolee macho kitundu kimoja kwa muda mrefu bila kupepesa. Miaka mitatu iliyopita macho yalianza kunichoma kana kwamba yameingia mchanga wa Shela, hasa unapovuma upepo wa kaskazi, na lililonitatiza zaidi ni kwamba yalikuwa yakitiririka machozi. Kila niliyemweleza alisema jicho linalotoka machozi haliwezi kuwa kavu. Nikawa nanunua matone ya kuondoa wekundu na kuyatia mara tano au sita kwa siku, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Mwaka jana nilivuka kwenda Mokowe, nikapanda basi la kutwa hadi Mombasa kwenye kliniki ya macho. Ukanda wa karatasi wa kupima wingi wa machozi, uliowekwa kwenye kope la chini kwa dakika 5, ulilowa milimita 14, kiasi kisichotia wasiwasi. Lakini baada ya kutiwa rangi ya njano, utando wa machozi ulikatika ndani ya sekunde 4, ilhali unatakiwa udumu angalau sekunde 10. Ndipo daktari akashauri kipimo cha seli.

Nilikiogopa bure. Alitia dawa ya ganzi, akabandika kijikaratasi chembamba cha selulosi juu ya weupe wa jicho, akakibonyeza kwa sekunde chache, kisha akakibandua. Hapakuwa na sindano wala wembe. Seli za tabaka la juu hunasa kwenye karatasi hiyo, hutiwa rangi maabara na kutazamwa kwa hadubini, njia ambayo imekuwa ikitumika tangu mwaka 1977. Matokeo hupangwa kwa madaraja yaitwayo ya Nelson, kuanzia 0, ambalo ni la jicho lenye afya, hadi 3, ambalo ni la jicho lililoathirika zaidi.

Langu lilikuwa daraja la 2. Seli zilikuwa zimetanuka na kuwa bapa, na zile zinazotoa ute zilikuwa zimebaki kati ya 100 na 350 kwa milimita mraba, wakati jicho lenye afya huwa na zaidi ya 500.

“Mama, maji unayo,” daktari aliniambia, “lakini hakuna cha kuyashika.”

Ute ndio unaoyawezesha machozi kutandaa juu ya jicho. Ukipungua, utando hukatika, jicho huwashwa, na machozi mengine humwagika bila faida. Aliniuliza pia habari za chakula, kwa kuwa upungufu wa vitamini A huziangamiza seli hizo hizo, lakini alichokitilia shaka zaidi ni yale matone yangu: kihifadhi chake, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike, iitwayo benzalkoniamu kloridi, kikitumiwa kila siku huweza kuziharibu.

Kasoro zipo. Majibu yalichukua wiki tatu, na sikuelezwa mapema kwamba ningelazimika kurudi kuyachukua mwenyewe, jambo zito kwa mtu wa kisiwani. Tena kipimo hiki hakijitoshelezi. Bila vile viwili vya mwanzo kisingeeleza mengi.

Niliacha matone yale, nikapewa machozi bandia yasiyo na kihifadhi, katika vichupa vya kutumia mara moja. Baada ya miezi sita nilipimwa tena, nikawa daraja la 1. Sasa nashona hadi alasiri, na kila nimalizapo kitundu kimoja hufumba macho kabisa kabla ya kuanza kingine.