Nilitaka kukitukana hiki kibana ringi, kikanishinda (Triumph Bonneville T120)

Haya, karibuni tena mafundi, na nyie mnaojifunza karibuni. Mikono yangu imejaa oili, kwa hiyo kamera siigusi. Picha ikikaa upande mnivumilie.

Mezani hapa kuna Triumph Bonneville T120, ile 650 ya Uingereza, pistoni zake milimita 71. Sifa zake nyingine mnazijua, sizirudii. Shida yake ni moja: pistoni zote mbili zinapanda pamoja na zinashuka pamoja. Siyo kama Honda CB350 ya zamani, ile ya silinda mbili, ambayo moja ikiwa juu mwenzake yuko chini, unaingiza hii, unavuta pumzi, unaingiza ile. Huku ni mbili kwa mpigo, ringi zote, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zinataka kubanwa wakati mmoja, na bloku ya silinda unayoishusha juu yake ni chuma, nzito, umeishika juu kwa juu. Mikono miwili haitoshi. Hapo ndipo ringi zinapovunjika, na mimi nimeshavunja.

Ndiyo nikanunua hiki kibana ringi. Kiangalieni. Plaizi mbili na mikanda ya bati kwenye kisanduku, basi. Nilipoona bei nilicheka peke yangu. Kwa hela hiyo unapata seti ya ringi na gasketi, na chenji inabaki. Nilikuja hapa nimejiandaa kukisema vibaya.

Sasa subirini. Mnakijua kile kibana cha gari, cha kukaza kwa ufunguo? Kile kimetengenezwa pistoni iingie kutokea juu. Ukimaliza, mkanda umebaki juu ya bloku, unauokota tu. Kwenye pikipiki bloku ndiyo inayoshuka. Ukimaliza, mkanda uko chini, umeizunguka konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, kama shanga kiunoni. Utauvulia wapi? Kuna jamaa aliukata kwa mkasi wa bati. Sawa, nilikuwa mimi.

Hiki hapa, tazameni kwa karibu. Nauvisha mkanda, nabana plaizi, ringi zimelala. Naachia... tak! Mdomo umefunguka, nautoa kwa ubavuni. Narudia taratibu. Nabana. Naachia. Natoa. Jamani! Nimefanya hivi mara ishirini tangu asubuhi bila sababu yoyote, raha tu.

Lakini msibane mpaka mwisho. Hapa wengi wanakosea. Mkanda ukikaza sana unang'ang'ania pistoni, bloku ikishuka haiwezi kuusukuma, na wewe unaanza kutafuta nyundo. Nabana mpaka ringi zimeingia kwenye mifereji yake, halafu nalegeza kidogo, kidogo sana, mpaka naweza kuuzungusha mkanda kwa vidole viwili, hivi. Unateleza, mnaona? Ndani nimepaka oili safi.

Kitu kingine, na hiki nakichukia. Milimita 71 imeangukia katikati ya mikanda miwili. Mdogo haufungi, unaacha pengo pana kama hili. Mdomo wa ringi, pale ilipokatwa, ukikutana na pengo hilo, ringi inachungulia nje, na bloku ikishuka inaikata. Kwa hiyo kabla ya kubana napanga midomo ya ringi ielekee pande tofauti, kila mmoja mbali na mwenzake, kisha nageuza pengo la mkanda liwe mahali ambapo hapana mdomo wowote. Kwa bei ile wangeshindwa nini kuongeza mkanda mmoja?

Kuna aliyeuliza kama unaweza kubana ringi kwa bati la kopo lililofungwa na klempu ya mpira wa maji, badala ya kununua hiki: inafanya kazi. Nimeitumia miaka. Na kama una silinda moja, tuseme Honda CG125, huhitaji hata hilo kopo. Ukingo wa chini wa silinda umechongwa mshazari, unabonyeza ringi kwa vidole gumba, moja moja, huku unatikisa silinda kidogo. Hela yako kula nayo maisha. Ndiyo, nimetoka kukisifia sasa hivi, najua. Nakisifia kwa hizi mbili zinazopanda pamoja.

Kabla sijasahau, ile video ya giaboksi imechelewa kwa sababu sauti ilirekodiwa na feni. Nairudia. Jiungeni na chaneli mtaiona ikitoka.

Tuendelee. Plaizi hii haikuokoi na makosa ya kabla ya kubana. Pistoni ikiwa na vibonde viwili visivyolingana, kile kikubwa ni cha valvu ya kuingiza, na kwenye Bonneville kabureta ziko nyuma. Kwa hiyo kikubwa nyuma. Ukigeuza, valvu inagonga pistoni. Ringi yenye herufi, herufi itazame juu. Halafu ringi ya mafuta ya vipande vitatu, ule waya wa katikati uliokunjwakunjwa: ncha zake zigusane, zisipandane. Nyingi zimepakwa rangi kwenye ncha, uzione zote mbili. Mimi zilinipanda nisijue, nikafunga injini yote, ikatoa moshi wa bluu kama nafukiza mbu.

Pengo la ringi pimeni ndani ya silinda, siyo kwa macho. Unaiingiza ringi, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, unapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia pengo. Mafundi wa zamani wanahesabu sehemu nne kati ya elfu moja za inchi kwa kila inchi ya kipenyo, kwa hii inakuja kama milimita 0.28. Likiwa dogo kuliko hapo, ringi ikipata moto ncha zinakutana, zinachana silinda uliyotoka kuikereza juzi.

Klipu za pini inayounga pistoni na konrodi ni mpya kila mara, na kitambaa kwenye mdomo wa tumbo la injini kabla hujazigusa. Klipu yangu moja iliruka humo, nikashinda alasiri nzima na sumaku. Tapeti nazo, zile zinazosukuma valvu zifunguke, zimekaa humu ndani ya bloku, ukiinua zinadondokea kulekule. Nimezikaza kwa vipande vya mpira, mnaviona.

Haya, nashusha. Vipande viwili vya mbao chini ya pistoni zisicheze. Mikanda yote imebana. Bloku inagusa... inasukuma mkanda wa kushoto... tik. Tik. Wa kulia umegoma kidogo. Nasimama. Sisukumi. Nanyanyua nusu sentimita, nazungusha mkanda, narudisha. Tik. Tik, tik! Zote zimeingia! Naachia plaizi, nafungua hii, nafungua hii, natoa mbao, natoa mpira. Bloku imekaa.

Nazungusha krenki kwa kiki, kwa mkono tu. Hakuna kinachokwaruza. Zinapanda zote, zinashuka zote.

Kichwa cha silinda nitafunga video ijayo. Na wewe jirani uliyenitumia ujumbe asubuhi ukiomba nikuazime hii plaizi, haitoki hapa. Lete bloku yako.