Uzoefu wangu na Godot, kwa anayetengeneza gemu nyumbani akitumaini ajira

Mimi ni karani wa hesabu mjini Tanga, na jioni ninatengeneza gemu nikitumaini kwamba siku moja studio itaniajiri kwa kazi hiyo. Injini ninayoitumia, yaani programu ya kutengenezea gemu, ni Godot. Ninaipendekeza kwa moyo wote kwa mtu mwenye kompyuta ya kawaida na bando la kupimia, lakini anayelenga ajira yapo mambo anayopaswa kuyajua mapema.

Godot ilianzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina, na tangu mwaka 2014 msimbo wake uko wazi kwa leseni ya MIT. Kwa hiyo hakuna ada wala mgawo wa mapato, na hakuna anayeweza kukubadilishia masharti ukiwa katikati ya kazi. Waliofuatilia mambo Septemba 2023, Unity, injini nyingine ya gemu, ilipotangaza ada ya kila usakinishaji kwa gemu zilizovuka viwango fulani, kisha ikaifuta mwaka uliofuata, wanajua uzito wa jambo hilo.

Faili lake la kupakua halifiki megabaiti 200, na halihitaji kusakinishwa: unalifungua, unaanza kazi. Kompyuta ya zamani isiyo na kadi nzuri ya michoro inatosha kwa gemu za pande mbili (2D), mradi uchague mfumo wa uchoraji uitwao Compatibility, unaotegemea OpenGL, teknolojia ya michoro inayokubaliwa hata na kompyuta za zamani. Bando litaliwa zaidi utakapotaka kutoa gemu iliyokamilika, kwa sababu vifurushi vya kazi hiyo hupakuliwa kando na ni vikubwa kuliko injini yenyewe, na gemu ya Android inadai pia zana za Google na za Java.

Ubora wa Godot niliuona nilipoanza kutengeneza bao la Kiswahili. Kila kitu ndani yake ni nodi, yaani kipande kimoja chenye kazi yake kama picha au sauti, na nodi zikiunganishwa huwa onyesho linaloweza kurudiwa popote. Nilitengeneza shimo moja lenye picha, sauti na hesabu ya kete zake, kisha nikalirudia mara 32, na kila nilipolirekebisha lile la asili mengine yote yalifuata. Shimo halijui lolote kuhusu kanuni za mchezo, bali hutuma ishara tu kwamba limeguswa, na nodi kuu ndiyo inayoamua. Utengano huo ulinisaidia sana, kwa kuwa bao lina hatua mbili zenye kanuni tofauti: wakati wa namua kila mchezaji ana kete 22 mkononi na huingiza moja kila zamu, ilhali kwenye mtaji kete zote 64 zimekwisha kuingia ubaoni, na nyumba, shimo maalumu la kila mchezaji, nayo ina haki zake. GDScript, lugha ya Godot ya kuandikia msimbo, inafanana na lugha ya Python, hivyo mantiki yote hiyo inasomeka, na kikaguzi cha makosa hukuruhusu kusimamisha mchezo katikati ya kete zinazotembea uone kila shimo lina ngapi.

Sasa kuhusu ajira. Matangazo mengi ya kazi ninayoyasoma yanataka injini ya Unity na lugha ya C#, au injini ya Unreal na lugha ya C++. Godot hutajwa mara chache, ingawa gemu za Dome Keeper na Cassette Beasts zimetengenezwa kwayo na zimeuzwa duniani kote. Ndiyo maana nimeanza kuihamishia mantiki ya bao kwenye C#, ambayo Godot inaikubali katika toleo lake la .NET, ili anayenisaili aone msimbo wa lugha anayoitumia yeye. Hapo kuna kikwazo: katika matoleo ya 4 niliyoyatumia, mradi wa C# hauwezi kutolewa kama gemu ya kivinjari. Hilo si dogo, kwani mwajiri mwenye shughuli nyingi atabofya kiungo kwenye itch.io, tovuti ya kuweka gemu, na kucheza papo hapo, lakini ni nadra apakue faili la mtu asiyemfahamu. Kwa hiyo ninaendelea na nakala mbili, ya GDScript kwa ajili ya kuchezwa na ya C# kwa ajili ya kusomwa, na ninaona kazi hiyo ya ziada inastahili.

Kuweka gemu itch.io ni bure, Google Play hutoza dola 25 mara moja, na Steam, duka la gemu za kompyuta, dola 100 kwa kila gemu. Kwa PlayStation, Xbox na Switch, Godot haiwezi kubeba zana zao ndani ya msimbo ulio wazi, hivyo wengi hupitia kampuni nyingine kama W4 Games.

Anayelenga studio za gemu kubwa za pande tatu (3D), na kompyuta yake inamudu, ningemshauri aanze na Unreal sasa hivi. Mwenye kompyuta kama yangu achukue Godot, achague mchezo mdogo anaoujua vizuri, aukamilishe na kuuweka mahali ambapo watu watauchezea.