Siku mbili kwa ajili ya moja: Kotlin na C++ katika mradi mmoja

Nyota mbili kwa ndoa hii ya lugha mbili za kuandikia programu, Kotlin na C++. Nilitaka kuweka moja.

Nina programu ya Android niliyoiandika kwa Kotlin, na sehemu ya kuchakata picha ilikuwa inajikokota. Nikaamua sehemu hiyo niiandike kwa C++. Kupakua vifaa kulikula usiku mzima, maana mradi uliyakataa matoleo niliyokuwa nayo ukadai ya kwake. Hilo nimeshalisamehe.

Nisilolisamehe ni hili. Msimbo wa C++ ulipita bila kunung'unika. Maktaba, lile faili la .so linalobeba msimbo wa C++ uliokwisha kujengwa, nikaiona kwa macho yangu ndani ya kifurushi cha programu. Nikafungua programu kwenye simu, nikabonyeza kitufe, ikaanguka: UnsatisfiedLinkError. Yaani Kotlin inaitafuta fanksheni ya C++, kile kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake, na haiioni, ilhali wanalala nyumba moja!

Nikafuta kila kitu nikajenga upya. Nikahakikisha maktaba ya arm64-v8a, aina ya kichakataji, imo, kwa kuwa ndiyo simu yangu inayoitaka. C++ ina tabia ya kuyavuruga majina ya fanksheni zake, nikakagua extern "C", maneno ya kuizuia isiyavuruge: ipo. Nikaongeza "lib" kwenye loadLibrary, amri ya kuipakia maktaba, nikaiondoa, nikairudisha, nikaiondoa tena. Haitakiwi, na nilijua haitakiwi. Kufikia siku ya pili nilikuwa nagombana na kompyuta kwa sauti.

Fanksheni yenyewe iliitwa sawazisha_rangi. Upande wa C++ niliandika Java_, jina la pakeji, jina la klasi, halafu _sawazisha_rangi. Kumbe JNI, daraja linaloziunganisha lugha hizi mbili, hukitumia kile kistari cha chini kutenganisha sehemu za jina, kwa hiyo kistari kilichomo ndani ya jina lako lazima kiandikwe _1. Sawazisha_1rangi. Moja! Siku zangu mbili zimemezwa na tarakimu moja.

Sasa aibu. Ujumbe wa hitilafu ulikuwa unaniambia tangu mwanzo. Mwishoni mwake, ndani ya mabano, uliyataja majina uliyoyatafuta, na ile 1 imo. Mimi nilikuwa nasoma neno la kwanza naanza kufoka. Hata kihariri, programu ninayoandikia msimbo, kilikuwa kimelitia jina langu rangi nyekundu upande wa Kotlin. Nikapuuza, maana tangu siku ya kwanza kilikuwa kinapiga yowe kwa mambo yasiyokuwepo. Nilipokiachia kiiandike fanksheni chenyewe, kilimaliza kwa kubonyeza mara moja, na 1 yake mahali pake. Basi, nyota tatu.

Halafu nikaweka kituo cha kusimamisha programu ndani ya C++, nikabonyeza kitufe kwenye simu, nayo ikasimama pale pale, thamani za pikseli zote mbele yangu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Na picha sasa zinakimbia kweli. Nyota nne, nikasema, sina kinyongo.

Juzi nikajenga toleo la kuwapa watu, lile linalopunguzwa ukubwa. Likaanguka. C++ ilikuwa inaiita fanksheni ya Kotlin ili itoe taarifa ya kazi ilipofikia, na kipunguzaji kilikuwa kimeshaibadilisha jina bila kumwambia mtu. Dawa yake ni mstari mmoja wa kukikataza kuligusa. Lakini jina tena? Jina?

Nyota mbili, na zibaki hapo hapo.