YouTube kama Mahali pa Kukosolea Uhuishaji wa Wanagenzi

YouTube imezoeleka kupimwa kwa wingi wa watazamaji na kwa fedha za matangazo. Hakiki hii inaipima kwa kipimo chembamba zaidi. Mtu aliyechora uhuishaji wake wa kwanza, yaani michoro inayofuatana hadi ionekane ina mwendo, peke yake, kwa programu ya bure kama Blender, Krita au OpenToonz, kisha akaupakia kwenye chaneli yenye wafuasi wachache, je, anaweza kupata humo maneno yatakayomwezesha kuuchora wa pili vizuri zaidi? Nimeitumia huduma hii kwa muda mrefu nikiwa upande wa anayetazama na kutoa maoni, na jibu langu ni kwamba zana zake za kutazamia ni bora kuliko wengi wanavyojua, zana zake za kusemezana ni hafifu, na kazi ya kuziba pengo lililobaki ameachiwa mtoa maoni.

Nianze na kilicho bora. Kwenye kompyuta, video ikiwa imesimamishwa, kitufe cha nukta huisogeza mbele kwa fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda video, na kitufe cha mkato huirudisha nyuma kwa fremu moja. Kwa anayetazama muziki au habari hilo halina uzito wowote, lakini kwa anayekosoa uhuishaji ndilo jambo lenyewe, kwa sababu kasoro nyingi za mwendo hujificha ndani ya fremu mbili au tatu ambazo jicho huzihisi bila kuziona. Video ya fremu 24 kwa sekunde humpa mtazamaji kila fremu kwa takribani sekunde 0.04 tu. Ukibonyeza nukta na kuhesabu, utagundua upesi kama mchoraji ameweka mchoro mpya kwa kila fremu au ameushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, utaratibu ambao ni halali kabisa na ambao hata studio kubwa zimeutumia kwa miaka mingi. Nalisema hili kwa sababu wanagenzi hulaumiwa mara kwa mara kwamba kazi zao zinakwamakwama na kwamba waongeze michoro, ilhali michoro iliyopo inatosha na kilichokosekana ni mpangilio wake.

Chukua mhusika anayeruka juu na kutua. Maoni ya kawaida yatasema kwamba mruko huo si wa kweli, na mchoraji, ambaye pengine aliuangalia kwa siku nyingi kabla ya kuupakia, hatajua aanzie wapi. Mtu aliyetumia vitufe viwili nilivyovitaja anaweza kuandika hivi: "Kuanzia 0:14 mhusika anapanda kwa michoro sita na kushuka kwa michoro sita, na umbali kati ya mchoro mmoja na unaofuata ni uleule kuanzia chini hadi juu, ndiyo maana anaonekana akielea kama puto. Jaribu kuisogeza michoro karibu karibu pale anapofika kileleni, kisha uitawanye kadiri anavyokaribia sakafu. Idadi yake usiiguse." Maneno hayo hayazidi aya moja fupi, lakini yanataja mahali, yanataja sababu, yanapendekeza tiba, na kubwa zaidi ni kwamba yanamwambia mchoraji kile asichopaswa kukibadilisha. Saa iliyoandikwa ndani ya maoni, kama hiyo 0:14, hugeuka yenyewe kuwa kiungo, na anayeibofya hupelekwa moja kwa moja pale panapozungumziwa. Sijaona katika huduma hii kitu kingine rahisi kiasi hicho chenye manufaa makubwa kwa mwanagenzi.

Kwa mwendo wa kutembea kuna chaguo la kurudiarudia video, ambalo hupatikana kwa kubofya kulia juu ya video yenyewe, pamoja na kasi ya kuchezesha inayoweza kushushwa hadi 0.25. Kasoro inayojitokeza zaidi hapo ni unyayo unaoteleza. Namna ya kuithibitisha ni kuweka ncha ya kalamu karibu na kioo, pale kisigino kilipogusa ardhi, kisha kusogeza fremu moja moja. Kama mandhari ya nyuma imetulia na unyayo unaondoka kwenye ncha ya kalamu kabla mguu haujanyanyuliwa, umeteleza; na kama mandhari inasogea, unyayo ulio chini unapaswa kusogea pamoja nayo kwa umbali uleule. Midomo nayo hukaguliwa kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa sauti za M, B na P haziwezi kutamkwa kinywa kikiwa wazi, na mhusika asiyefunga midomo kwenye sauti hizo ataonekana kama anatafuna maneno ya mtu mwingine hata kama maumbo mengine yote ya kinywa yamechorwa kwa ustadi.

Kwenye simu mambo hupungua. Kasi inaweza kushushwa, lakini kusogeza fremu moja moja kwa vitufe kunahitaji kibodi, na kwa kuwa watazamaji wengi wako kwenye simu, maoni mengi huandikwa na watu wasio na chombo cha kuona kile wanachokihisi.

Kuna zana nyingine ambayo wakosoaji wachache huifikia. Menyu hiyohiyo ya kubofya kulia ina jedwali la takwimu za kiufundi linaloonyesha, pamoja na mambo mengine, ukubwa wa picha na idadi ya fremu kwa sekunde. Mara nyingi kazi iliyochorwa kwa fremu 24 huwa imetolewa na programu kwa fremu 30, kwa sababu tu mchoraji aliacha mipangilio kama alivyoikuta. Ili kujaza nafasi, programu hurudia fremu moja baada ya kila fremu nne, na kamera inapopita polepole juu ya mandhari, picha hushtuka kidogo kwa mapigo yaleyale. Ukisogeza fremu utaona picha ikienda hatua nne na kuganda kwa hatua ya tano. Hapo hakuna kosa la uchoraji hata kidogo, na mtu akimwambia mwanagenzi achore upya mandhari yake atakuwa amemtuma kazi ya wiki nzima kwa jambo linalorekebishwa kwa kubadili namba moja kabla ya kutoa video tena.

Ubora wa picha nao unahitaji tahadhari kabla ya kuulaumu. Video iliyopakiwa muda mfupi uliopita huanza kuonekana kwa ubora wa chini, na ule wa juu hufuata baadaye uchakataji ukikamilika, hivyo anayewahi kutazama anaweza kuona ukungu ambao mchoraji hakuuweka. Hata baada ya hapo, ubanaji wa video, yaani kupunguzwa kwa ukubwa wa faili lake, huumiza zaidi mistari myembamba inayotikisika na chembechembe zinazobadilika katika kila fremu, mitindo miwili ambayo wanagenzi wanaipenda sana. Inafaa mtoa maoni aeleze kwamba mtindo huo haustahimili ubanaji, pasipo kudai kwamba umechorwa vibaya.

Sasa nije kwenye udhaifu. Sehemu ya maoni chini ya video ni ya maandishi. Mwalimu wa uhuishaji akiona pozi lisilo na uzito huchukua kalamu, akachora juu ya mchoro wa mwanafunzi mstari mmoja unaoonyesha uti wa mgongo ulipaswa kupinda wapi, na somo likaeleweka papo hapo. Kwenye YouTube mstari huo lazima ugeuzwe kuwa sentensi, na sentensi kuhusu umbo la mwili huandikika kwa taabu. Mwenye nia ya dhati atalazimika kuichukua fremu, kuichorea pembeni na kuweka kiungo cha picha yake, na maoni yenye viungo huweza kuzuiliwa na vichujio vya barua taka kabla mwenye video hajayaona.

Mpangilio wa maoni nao unavuta upande wake. Maoni yaliyopendwa na wengi hupanda juu, na maneno yanayopendwa na wengi ni mafupi, ya mzaha au ya sifa. Sifa si mbaya, ila nyingi ya sifa hizo ni kilemba cha ukoka. Mtu anaandika kwamba kazi ni nzuri mno na kwamba mchoraji ataajiriwa na studio kubwa, lakini hataji hata sekunde moja iliyomvutia. Sifa yenye faida hutaja mahali kama ukosoaji unavyotaja: "Pale 0:31 anapositasita kabla ya kugeuka, nimeamini kwamba anawaza." Mchoraji akisoma hivyo hujua kwamba kule kusita, ambako huenda alikuweka kwa kubahatisha, ni kitu cha kukifanya tena kwa makusudi. Mwenye chaneli anaweza kuyawekea maoni alama ya moyo au kuyabandika juu ya mengine yote, na ningemshauri atumie uwezo huo kuinua maoni ya aina hii, kwa sababu watakaofuata huiga walichokikuta juu.

Tangu Novemba 2021, idadi ya waliobonyeza kidole gumba cha chini haionekani kwa umma, ingawa mwenye video bado anaiona katika Studio ya YouTube, ukurasa ambamo mwenye chaneli husimamia video zake. Kwa kazi za wanagenzi naona uamuzi huo haukuondoa kitu cha thamani, maana kidole cha chini hakijawahi kumfundisha mtu yeyote kuchora. Chenye thamani ni grafu ya Studio inayoonyesha watazamaji walivyoendelea kutazama au kuondoka kadiri video ilivyosonga. Grafu ikiporomoka ghafla kwenye sekunde fulani, pana jambo hapo: utangulizi mrefu, maandishi yasiyosomeka, au tukio lililokawia. Haisemi ni lipi kati ya hayo, na ndiyo sababu mchoraji anayetaka msaada wa kweli angefanya vyema kuandika katika maelezo ya video kwamba watu wanaondoka kwenye dakika fulani na kwamba angependa kujua kwa nini. Ombi mahususi huleta majibu mahususi, na humwondolea mtazamaji hofu ya kuonekana anajitia ujuzi.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote kinawapata wachoraji wa katuni za watoto. Mnamo Septemba 2019, Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani ili kumaliza madai kwamba zilikusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na kuanzia Januari 2020 video yoyote iliyotajwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya watoto hufungiwa sehemu ya maoni. Sababu yake ni nzito na siipingi. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mwanagenzi aliyechora sungura anayefundisha kuhesabu hapati neno lolote kutoka kwa mtazamaji yeyote. Ikumbukwe pia kwamba kuwa katuni hakuifanyi video kuwa ya watoto moja kwa moja. Kinachoangaliwa ni hadhira iliyokusudiwa, na wapo wachoraji wanaojifungia maoni kwa kuchagua chaguo hilo bila kulisoma.

Ulinganisho na Newgrounds unasaidia, kwa kuwa tovuti hiyo, iliyoanzishwa na Tom Fulp mwaka 1995, ilijengwa kwa ajili ya kazi za watu wasio na studio. Huko mtazamaji huandika hakiki inayoambatana na nyota, na mchoraji anaweza kuijibu chini yake. Kazi mpya hupigiwa kura kwanza, na iliyopata alama za chini mno huondolewa. Utamaduni wa kuandika hakiki ni mkubwa zaidi huko, ila hukumu yake ni kali kwa mtu anayeanza. YouTube haimwondoi mtu kwa kuchora vibaya, na kwa kazi ya kwanza naipendelea kwa sababu hiyo.

Kasoro ya mwisho hugunduliwa pale mchoraji anapotaka kufuata ushauri. Faili la video iliyokwisha kupakiwa haliwezi kubadilishwa na jingine kwenye kiungo kilekile. Anayerekebisha mruko wake hulazimika kupakia video mpya, na yale maoni ya 0:14 hubaki kwenye ile ya zamani, yakikosoa kosa ambalo halipo tena, huku waliomsaidia wakikosa njia ya kujua kwamba alisikia. Kwa hiyo ni vyema rasimu ipakiwe kwanza ikiwa haijaorodheshwa, hali inayomruhusu kila mwenye kiungo kuitazama na kuitolea maoni bila video hiyo kuonekana kwenye utafutaji. Mchoraji akiwapa kiungo hicho watu wanne au watano, akawaambia ni kipi kimekwisha na ni kipi bado ni rasimu, atapata maoni kabla hajapaka rangi na kuweka muziki. Toleo la hadharani likishatoka, aweke kiungo chake chini ya kila maoni aliyoyafanyia kazi, ili yule aliyehesabu michoro sita aende kuitazama ilivyopangwa upya.