Umemaliza Vita na Amani? Kabla ya Riwaya Nyingine, Tazama Mgongo wa Kitabu

Nimemaliza! Miezi saba na Tolstoy, kurasa zaidi ya 1,200, na mwisho wake nimeusoma karatasi zikiwa zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Zilianza kuchomoka kwenye mapigano ya Borodino. Nilikuwa kibarazani hapa Shangani, Mtwara, upepo wa bahari ukabeba mbili hadi kwenye mwarobaini wa jirani. Nilipompigia muuzaji akaniambia, "Dada, si maneno yote yapo?" Mimi nililipia kitabu, siyo bunda la karatasi.

Kwa hiyo, kabla hujauliza hadithi inahusu nini, kitazame kitabu kwa juu, pale karatasi zinapokutana na mgongo. Ukiona vifungu vidogo vya karatasi zilizokunjwa, na uzi ndani ya mikunjo, kimeshonwa, lipa uondoke. Ukiona karatasi zimekatwa sawasawa na kugandishwa, kifungue katikati taratibu. Gundi ikialika kama bua kavu, kirudishe rafuni. Kwa joto letu la Desemba na unyevu huu wa bahari, gundi hafifu haimalizi mwaka, na kitabu kinene ndicho kinachoumia zaidi.

Chaguo langu la kwanza ni Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Anayetoka kwa Natasha na Pierre wa Tolstoy bado ana hamu ya mapenzi yaliyonaswa katika mambo ya nchi, na Yasmin na Denge wanampa hayo hayo, Zanzibar ya wakati wa mkoloni. Wachapishaji ni Mkuki na Nyota, na sifichi kwamba nawapenda: nakala yangu wameiazima marafiki wanne na haijaachia ukurasa hata mmoja.

Ya pili ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa 2021, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nayo ya Mkuki na Nyota. Msafara wa tajiri Aziz kwenda bara utamfaa aliyezoea mwendo wa majeshi. Ya tatu, Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi.

Nakala za kudurufu za riwaya hizi ni za bei rahisi, lakini zinaumiza macho.

Kinachoniuma ni kwamba sisi wa Kusini tunanunua kwa picha. Kitabu kinatoka Dar kwa basi, nauli ya mzigo juu yetu, kikifika kibovu kukirudisha ni nauli nyingine. Na picha yenyewe ni ya jalada tu! Juzi nimeomba ya mgongo wa Haini, riwaya nyingine ya Adam Shafi, nikatumiwa jalada mara tatu. Sijalipa, na silipi mpaka nione kama ni uzi au gundi.